Mashine Isiyo na Tundu la Shilingi: Maisha ya Vincent Nyangwine Waitara, Seremala wa Kebosongo

Kamati ya mazishi ilileta wasifu wake ukiwa umeshaandikwa. Ulikuwa na aya sita zilizonyooka: alizaliwa, alisoma, alifanya kazi, alioa, aliugua, alifariki. Mashine haikutajwa. Dada yake mkubwa, Philomena, alipouliza iko wapi, alijibiwa kwa sauti ya chini, "Mama, hiyo tumeiacha kwa ajili ya amani." Philomena alikuwa karani wa mahakama ya mwanzo hadi alipostaafu, na katika miaka yote hiyo hakuwahi kuona amani iliyopatikana kwa kuficha ushahidi. Alishukuru, akaikunja ile karatasi, akawashia moto wa chai ya waombolezaji. Huu mnaousikia na mlioushika mkononi ni wasifu aliouandika yeye, na familia imeupitisha. Zile aya sita zimo. Mashine nayo imo, kwa sababu ukiitoa, huyu tunayemzika leo tarehe 28 Januari 2026 anakuwa mtu mwingine kabisa.

Vincent Nyangwine Waitara alizaliwa tarehe 14 Machi 1978 katika kijiji cha Matongo, wilaya ya Tarime, akiwa mtoto wa mwisho wa Mzee Nyangwine Waitara na Mama Mokami, ambao wote wametangulia. Siku aliyozaliwa baba yake hakuwepo. Alikuwa porini na wenzake wakifuata nyayo za ng'ombe walioibwa. Alirudi na ng'ombe wawili, akamkuta mkewe ana mtoto, akasema siku hiyo hana deni na mtu. Tangu utotoni Vincent alipenda vitu vinavyofunguka na kufungika. Akiwa bado anachunga, aliutengenezea mlango wa banda la mbuzi komeo la mti ambalo mbuzi walilishindwa. Kulipokucha, baba naye alilishindwa. Mzee alisimama pale akisukuma na kuvuta, mbuzi wakimtazama kwa ndani, mpaka ikabidi mtoto aamshwe aje kumfungulia baba yake banda lake mwenyewe. Hakuchapwa. Mzee aliwaita majirani waje kulijaribu.

Alianza shule ya msingi hapo Matongo mwaka 1986 na kumaliza darasa la saba mwaka 1992. Alipata alama nzuri za hesabu na mbaya za mwandiko. Hakuchaguliwa kuendelea, na nyumbani hapakuwa na uwezo wa kumpeleka kwingine, kwa hiyo mwaka 1993 alikwenda Sirari, mpakani, kubeba mizigo na kufagia katika duka la mfanyabiashara mmoja. Nyuma ya duka palikuwa na chumba, na chumbani palikuwa na mashine ya gemu iliyovushwa kutoka ng'ambo ya Kenya: kabati refu kama mtu, lenye kioo cha televisheni, kijiti cha kuendeshea na batani za kupigia. Ulitumbukiza tokeni kwenye tundu, kindege cheupe kikatokea chini ya kioo, na wewe ukapambana na vyote vilivyokuwa vikishuka kutoka juu.

Vincent alifagia chumba hicho miaka mitatu. Katika miaka yote hiyo hakucheza hata mara moja, kwa kuwa tokeni zilikuwa za wenye pesa na mshahara wake ulikuwa ugali na mahali pa kulala. Alisimama na fagio akitazama migongo ya wengine. Siku moja, umeme ukiwa umekatika, alikishika kile kijiti akakizungusha, kioo kikiwa cheusi. Mwenye duka alimkuta.

"Wewe, umeweka tokeni?"

"Umeme haupo, bosi."

"Nimekuuliza tokeni, sijakuuliza stima."

Alikatwa chakula cha jioni. Alimsimulia dada yake kisa hicho mara nyingi baadaye, na kila mara alikuwa anacheka. Philomena hakuwahi kukiona cha kuchekesha. Mwisho wa kisa, Vincent alikuwa na neno lake lile lile: "Nikitengeneza yangu, tundu sitaliweka."

Kuanzia mwaka 1997 hadi 2006 alichimba dhahabu kwenye maduara ya wachimbaji wadogo karibu na Matongo. Walishuka shimoni na nyundo na tindo, wakapasua mwamba, wakapanda na mawe, wakayasaga, na vumbi wakalivuta lote. Hakuna aliyewapa hata kitambaa cha kufunga pua. Dhahabu aliyoipata ilikwenda anakojua aliyeinunua. Vumbi ndilo alilobaki nalo, akalibeba kifuani mpaka siku aliyokufa. Wapo wazee hapa wanaolipita jambo hili haraka kwa kusema kijana aliugua kifua. Kifua hakiugui chenyewe.

Mwaka 2007 aliachana na mashimo akaenda Manchira, wilaya ya Serengeti, kujifunza useremala kwa Fundi Rubeni, ambaye yupo nasi leo. Mzee Rubeni ana binti anayeitwa Agustina. Kazi ya kwanza aliyopewa Vincent afanye peke yake ilikuwa dirisha la nyumba ya mwalimu wake huyo, nalo lilikataa kufunga. Alilishusha, akaliranda, akalirudisha, likakataa upande mwingine. Alikuwa akija kila wiki na randa yake kulitazama. Mwishowe Agustina mwenyewe alimwambia baba yake wakiwa mezani, "Baba, dirisha limepinda, na fundi anajua limepinda wapi." Walifunga ndoa tarehe 5 Desemba 2009. Ng'ombe walitolewa, wazee walikula na kuridhika, na siku ya pili baada ya harusi dirisha lilifunga vizuri kabisa. Mungu aliwajalia watoto watatu: Boke, Emanuel na Irine.

Mwaka 2010 alihamia hapa Kebosongo akafungua karakana pale njia panda ya kwenda Matongo. Hakuna haja ya kuwaeleza kazi yake. Tazameni milango yenu mkirudi nyumbani. Wengi mliosimama hapa mnalala kwenye vitanda vyake, na wazazi wenu wamelala kwenye majeneza yake, na kwa wafiwa walioshindwa kumalizia malipo hakwenda kubisha hodi. Jeneza alilolalia yeye leo limetengenezwa Manchira na mkwe wake, mzee wa miaka sabini na minne, likaja juu ya gari, kwa sababu katika kijiji hiki chenye maseremala wengine watatu hakuna aliyethubutu kumpigia Vincent msumari. Tutafika huko.

Mwanzoni mwa mwaka 2022 pumzi ilianza kumkataa. Akikata ubao mmoja, anakaa. Daktari alimwambia aache msumeno na vumbi la mbao, na seremala ukimwambia aache vumbi la mbao umemwambia aache kazi. Alikaa barazani wiki mbili akiwatazama wapita njia. Kisha akamwita rafiki yake Ezra, fundi wa redio na simu, akamwambia sasa wanatengeneza ile mashine.

Iliwachukua mwaka mzima na zaidi. Mbao zilikuwa za mgrivelia, mabaki ya madawati, na Agustina ndiye aliyekata, Vincent akimwelekeza kutoka kwenye kiti mbali na vumbi. Kioo kilitoka kwenye televisheni ndogo ya kichogo, ile ya zamani inayokula betri ya gari, ambayo padri alikuwa ameitupa stoo. Ezra alileta kikompyuta kisichozidi kipande cha sabuni ya kufulia, akajaza humo gemu za zamani za aina ile ya Sirari. Umeme wote ulikuwa wa betri ya sola, na waya uliishia kwenye vibanio viwili vya kubana betri, chekundu na cheusi. Kijiti cha kuendeshea alikichonga kwenye mpini wa jembe la mama yake, Mama Mokami, uliokuwa umekaa darini tangu alipofariki. Ubavu mmoja alichora bwawa la Manchira kwa ajili ya mkewe. Ubavu wa pili alichora ng'ombe mwekundu, akasema huyo ni mmoja wa wale wawili waliorudi na baba.

Zilibaki batani. Hazikupatikana Tarime wala Mugumu. Mwishowe Ezra alikwenda Sirari akanunua kwa mwokota vyuma chakavu uso wa mashine moja ya dubwi iliyokuwa imevunjwa kwa mashoka. Kwa wageni waliotoka mbali, dubwi ni zile mashine za kamari zenye taa, zinazomeza sarafu za watu madukani na kwenye vilabu. Uso ule ulikuwa na batani kubwa tatu nyekundu zinazowaka. Vincent alizing'oa, akazifunga kwenye mashine yake, na chuma kilichobaki akakitengenezea bawaba. Kumbukeni hizo batani tatu. Ndizo kosa lake lote.

Tundu la sarafu hakuliweka. Alitimiza neno lake. Mbele ya mashine aliweka benchi, na sheria ilikuwa moja tu: ukipoteza ndege zako unampisha mwenzako. Waliocheza walikuwa watu wazima kwa watoto, na aliyewashinda wote alikuwa Bibi Scholastica, jirani yake wa upande wa chini, ambaye kwanza alikuja kulalamika.

"Wewe mura, hii kitu inakula pesa wapi?"

"Haili, mama. Itazame mbele na nyuma."

Aliizunguka mara mbili akiipapasa. Kisha akaketi, akaweka kibuyu chake cha maziwa chini, akauliza vile vinavyoshuka ni nini. Vincent alimwambia ni maadui. Bibi akakaza macho. "Hapana. Hawa ni wezi wa ng'ombe, wanashuka mlimani." Tangu hapo alikuwa akija kila alasiri kulinda mifugo. Alipiga kelele kwa Kikurya, akaita wanaume waliokwisha kufa waje kumsaidia, na Vincent, ambaye hakuwa tena na pumzi ya kucheka, alikuwa akishika ubavu na kufuta machozi. Agustina anasema miezi ile ilikuwa mizuri kuliko yote ya ndoa yao.

Sasa tufike pale ambapo kamati ilitaka tuparuke.

Mwaka jana wazazi walilalamika, na walikuwa na haki, kwamba dubwi linamaliza hela za watoto. Agizo lilitoka juu kwamba mashine za kamari zikamatwe. Hapa Kebosongo mashine hizo zilikuwepo, na zipo. Ziko nne, pale senta, kwenye fremu za maduka ya mwenyekiti wetu wa kijiji, Mheshimiwa Amos Nyamhanga, ambaye amekaa safu ya mbele na tunamshukuru kwa kufika. Hata jana jioni, wakati waombolezaji wanakwenda kununua sukari, zilikuwa zinalia. Lakini agizo lilitaka mashine, na mwenyekiti alihitaji kuonyesha mashine. Tarehe 11 Juni 2025 alikuja na mgambo nyumbani kwa mgonjwa.

"Hizi batani ni za dubwi," alisema.

"Batani ndiyo, mwenyekiti," Vincent alijibu. "Ila mashine si dubwi. Nionyeshe mtu anaweka wapi hela."

Mwenyekiti hakuonyesha. Tundu lisilokuwepo halionyeshwi. Aliinama akatazama chini ya kabati, akatazama nyuma, akainuka, akasema inachukuliwa kama kidhibiti. Walimtoa Bibi Scholastica kwenye benchi katikati ya mchezo.

Baada ya hapo liliitishwa iritongo, baraza la jadi. Vincent alitakiwa akiri kwamba alikuwa akichezesha kamari, atoe beberu, wazee wale, yaishe. Wengi walimshauri akubali. Hata dada yake, kwa simu, alimwambia beberu ni mnyama tu. Alisimama mbele ya baraza akiwa ameshikilia kiti, akasema kwa vipande vipande kama pumzi ilivyomruhusu, "Wazee wangu, nikichinja kwa jambo ambalo sikulifanya, watoto wangu watakula nyama ya uongo. Nirudishieni mashine yangu." Akaketi. Wakamtenga.

Mnaojua kutengwa mnajua, wasiojua tuwaeleze. Hakuna kumsalimia wala kumjibu. Hakuna kumwazima moto, kumuuzia chumvi wala kumpa kazi. Mashine ya kusaga ilimkatalia Agustina, akawa anatembea hadi Kewanja na debe la mahindi kichwani na kurudi na unga. Watoto walikaa shuleni kwenye dawati walilotengenezewa na baba yao, na wenzao wakasogea pembeni. Bibi Scholastica alipita barabarani akitazama upande mwingine. Aliyeendelea kuja ni Ezra, mchana kweupe, kwa mlango wa mbele, na alipoulizwa alisema, "Nimezoea kuongea na redio mbovu, nyinyi mkininyamazia ni sawa tu." Wakamtenga na yeye. Wazee waliopitisha hayo wengi wao walikuwa wamecheza kwenye lile benchi. Kati yao yuko aliyecheza asubuhi ya siku ile ile mashine ilipochukuliwa. Philomena anawajua kwa majina, na amejizuia.

Ugonjwa ulizidi kuanzia Novemba. Alilala akiwa ameketi, mito mitatu mgongoni. Kila gari lilipopita njia panda aliuliza, "Imerudi?" Agustina alijibu, "Bado, baba Boke." Hakuomba kitu kingine. Hakutaka kuwashtaki wala kuhama. Alitaka mashine irudi mahali ilipokuwa na mtu aseme kwa sauti, mbele za watu, kwamba haikuwa ya kamari. Hayo mawili tu, na yote mawili yalikuwa mikononi mwa mtu mmoja.

Tarehe 20 Januari dada yake alikwenda ofisi ya kijiji. Alisalimia kama inavyopasa, akaeleza kwamba mdogo wake yuko ukingoni, akaomba mashine ipelekwe nyumbani hata kwa siku moja aione.

"Mama yangu, kidhibiti hakitoki mpaka kesi iishe," mwenyekiti alisema.

"Kesi namba ngapi?"

"Iko kwenye taratibu."

"Katika mahakama gani, mwenyekiti?"

"Mama, usinipeleke mbio."

"Basi nifungulie stoo nikione tu. Nimehifadhi vidhibiti maisha yangu yote. Sitakigusa."

"Ufunguo umekwenda Tarime."

Philomena amesikia watu wengi wakisafiri kwenda Tarime. Ufunguo ulikuwa wa kwanza.

Tarehe 23 hali ilibadilika. Waendesha bodaboda wa hapa walikataa kumbeba mtu aliyetengwa. Ezra alikimbia kwa miguu hadi Matongo ndipo akapata gari. Hatusemi kuchelewa huko ndiko kulikomuua. Daktari alisema mapafu yalikuwa yamekwisha, na tunamwamini. Tunachosema ni kwamba mtu aliyewapa vitanda alikaa barabarani juu ya kiti chake cha miti, akitweta, na pikipiki tatu zimesimama kivulini. Alifariki hospitalini tarehe 24 Januari 2026, saa nane mchana, mkewe na dada yake wakiwa pembeni. Neno lake la mwisho lilikuwa ni lile swali. Gari la wagonjwa lilikuwa limeingia uani, akasikia muungurumo, akafungua macho, akauliza, "Imerudi?" Agustina, ambaye hakuwahi kumdanganya tangu siku ya dirisha, alimwambia, "Imerudi, baba Boke." Akafumba macho.

Marehemu hatengwi, hiyo ndiyo desturi, na leo mmejaa hadi barabarani. Karibuni. Asubuhi iliyofuata kifo chake mgambo walileta mashine kwa mkokoteni wa ng'ombe. Walisema imeharibika yenyewe stoo, pengine kwa unyevu. Ezra aliifungua mbele ya waombolezaji. Kikompyuta kilikuwa kimeungua, kioo kimekufa, na ndani kulinuka moshi. Akavuta waya kutazama vibanio vya betri, chekundu na cheusi, ambavyo alivifunga kwa mikono yake. Havikuwepo. Vilikuwa vimekatwa, na mahali pake pamefungwa plagi ya ukutani, ya miguu mitatu, nyeupe, yenye doa la chai.

Ndugu waombolezaji, hapa kijijini nyumba zenye umeme wa gridi zinahesabika, na stoo ile imepakana ukuta kwa ukuta na ofisi yenye umeme. Mashine iliyotengenezwa kwa betri ilichomekwa ukutani, ikapiga moshi, ikafa. Unyevu haukati waya. Unyevu haufungi plagi.

Siku hiyo hiyo Philomena alikwenda ofisini kufuatilia kibali cha mazishi. Safari hii alipokewa kwa heshima, akapewa kiti, akapewa pole. Akasema ana kiu, angeshukuru kikombe cha chai. Karani wa ofisi, binti mwema asiyejua la kuficha, alisikitika, "Pole, bibi, chai hatujanywa siku nyingi. Birika halina plagi." Akamwonyesha. Waya ulikuwa umekatwa vizuri kwa kisu. Mwenyekiti alikuwa dirishani akitazama nje kwa makini sana.

Kwa hiyo ifahamike na iandikwe, na imeandikwa ukurasa wa tatu wa karatasi mlizoshika. Mashine iliyomfanya mtu huyu atengwe, iliyoitwa haramu, iliyofungiwa stoo ili isiharibu watoto, watu wa ofisi walitamani kuicheza. Na wala hatuwalaumu kwa kuitamani. Vincent angewapisha kwenye benchi. Ilikuwa ya bure. Walichotakiwa ni kuja wakae, na kama hawakujua inavyowashwa, wamuulize mwenyewe angali hai.

Mashine iko hapa, nyuma ya jeneza, imefunikwa kwa kitenge cha Agustina. Ezra ameapa kuifufua, na padri ameahidi kutafuta televisheni nyingine stoo. Jana jioni Bibi Scholastica alikuja. Hakusalimia mtu. Alikaa kwenye benchi mbele ya kioo kilichokufa, akashika kijiti cha mpini wa jembe, akalia mpaka Agustina akaenda akakaa naye. Alisema, "Mwanangu, niliogopa." Agustina alimkumbatia. Hiyo ndiyo radhi pekee ambayo nyumba hii imeipata mpaka saa hii.

Vincent ameacha mjane, Agustina. Watoto watatu, Boke, Emanuel na Irine. Dada yake Philomena. Mkwe wake, Mzee Rubeni. Na ndugu yake Ezra, ambaye hawakuzaliwa tumbo moja na ambaye familia imeamua jina lake lisomwe hapa, kabla ya shangazi na wajomba, nao wameridhia.

Limebaki jambo moja. Ratiba inaonyesha kwamba baada ya wasifu huu mwenyekiti atatoa salamu za serikali ya kijiji, kisha atakuwa wa kwanza kutupa udongo baada ya familia. Hatujaifuta nafasi yake. Lakini katika ukoo wa Waitara aliyekosana na marehemu hashiki udongo kabla hajasema neno mbele ya jeneza, na wazee wa ukoo walioketi hapa wanaijua desturi hiyo kuliko Philomena. Kaburi liko wazi, na sisi hatuna haraka. Mashine hii haikuwahi kumdai mtu shilingi hata moja tangu iundwe. Leo inadai neno, na Vincent yupo hapa hapa, hajafunikwa, alisubiri tangu Juni na anaweza kusubiri dakika chache zaidi.

Likishasemwa, tumlaze ndugu yetu, na apumzike kwa amani ile ile tuliyomnyima barazani kwake.